Salim ni ami au ni mjomba? Kutunza mtaa wa kubuni unaoandikwa na watu sita

Mamangu mdogo hasomi hadithi. Huzikagua, kama anavyokagua chenji ya Marikiti. Jioni moja tulikuwa barazani kwake Kibokoni, kahawa chungu ikipoa, akanisogezea simu yake usoni. Alikuwa kwenye sehemu ya 9 ya hadithi tunayoiandika sisi watu sita, hadithi ya mtaa wa Mombasa ambao haupo.

"Mwanangu, huyu Salim ni ami yake Rukia au ni mjombake?"

"Ni ami yake, mama mdogo."

"Basi mbona hapa yuwaitwa mjomba?"

Nikaishika simu. Kweli bwana. Sehemu ya 4, aliyoiandika mwenzangu, Salim ni ami. Sehemu ya 9, niliyoiandika mimi, ni mjomba, tena mara tatu. Nilikuwa nimeandika usiku, nimechoka, na kalamu ikachagua neno lililokuwa karibu.

Zipo lugha ambazo neno moja huwatosha wote wawili, na huko ningeponea. Kiswahili hakina huruma hiyo. Ami ni ndugu wa baba, mjomba ni ndugu wa mama. Kwa neno hilo moja nilikuwa nimemtoa mtu mzima katika ukoo wake na kumpeleka ukweni kwa nduguye, nimempa mamake Rukia kaka ambaye hakuwahi kuwa naye, na wala sikujua.

Tena kulikuwa na harusi mbele. Babake Rukia alifariki katika sehemu ya 2, babu hayupo, kaka hana. Sehemu ya 12 tulishapanga kuwa Salim ndiye atakayemwozesha. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, uwalii, yaani haki ya kumwozesha binti, hupita upande wa baba: baba mwenyewe, babu mzaa baba, ndugu, wana wa ndugu, kisha ami na wana wa ami. Mjomba, hata akimpenda mpwawe kuliko roho yake, hamo katika safu hiyo. Salim akiwa mjomba, Rukia hana walii wa nasaba, na shughuli inakwenda kwa kadhi. Mwenzetu aliyepewa sehemu ya 12 alikuwa ameshaandika nusu yake, Salim akiwa amemshika bwana harusi mkono.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya niandike haya, kwa sababu watu wengi wanaoanza kuandika pamoja hudhani shida kubwa ni kusahau. Wanasema: tutakumbuka, sisi si wazee. Lakini mimi sikusahau kwamba Salim yupo. Nilichokosa ni kujua kwamba uhusiano wake na Rukia ulikuwa umeshakatwa kauli, umekatwa wapi, na kwamba kuna mtu mwingine anauegemea. Hayo ni mambo ya hesabu kuliko ya kumbukumbu.

Na hata kumbukumbu yenyewe, ukiitegemea peke yake, haifiki mbali. Arthur Conan Doyle alikuwa mtu mmoja, kichwa kimoja, hana wa kugongana naye. Katika riwaya yake ya kwanza ya Sherlock Holmes, ya mwaka 1887, Daktari Watson amepigwa risasi ya bega vitani Afghanistan. Katika ya pili, ya mwaka 1890, jeraha la Watson liko mguuni. Miaka mitatu tu, na risasi imeshuka mwilini. Wasomaji wamebishana juu ya risasi ile kwa zaidi ya miaka 100, wengine wakidai zilikuwa mbili. Sasa fikiria vichwa sita, kila kimoja na usingizi wake.

Si kila hadithi inahitaji kutunzwa hivi, na ni vizuri kulisema mapema ili mtu asijitwike mzigo usio wake. Abunuwasi ametungiwa visa na watu wasiohesabika, na hakuna aliyewahi kuwafungulia daftari. Leo sultani kamfukuza mjini, kesho yuko pale pale barazani anafanya stihizai kana kwamba hakuna lililotokea. Kila kisa huanza upya. Ulimwengu wa Abunuwasi hauna kesho, kwa hivyo hauna deni la jana.

Fumo Liyongo ni tofauti kidogo. Naye kasimuliwa na wengi kabla na baada ya Muhammad Kijumwa kuunakili utendi wake, na wasimulizi hawakubaliani katika kila jambo: aliyemuua ni mwanawe, wengine husema ni mpwawe. Lakini jaribu kumsimulia mzee wa Lamu kwamba Liyongo alichomwa kisu cha chuma mgongoni uone utakavyorudishwa. Ni sindano ya shaba, na ni kitovuni. Kuna vitu vilivyopigiliwa na vitu vinavyochezacheza, na jamii nzima inajua kipi ni kipi bila ya kuandika, kwa kuwa imekisikia tangu utotoni. Sisi sita hatuna utoto mmoja. Mmoja kakulia Changamwe, mmoja Lamu, mmoja amekuja Mombasa kwa kazi ya bandari akiwa na miaka 24. Lazima tuandike.

Mtaa wetu tumeuita Kisima Chumvi. Uko kisiwani, upande wa Mji wa Kale, pale ambapo ramani inakunja kona na hakuna anayekuuliza umepinda wapi. Una njia mbili za kutokea: moja inakufikisha Marikiti kwa mwendo wa dakika 10, nyingine inashuka baharini kwa ngazi 14. Tulikubaliana kwamba jiji lote linalouzunguka ni Mombasa yenyewe ya kweli, na hapo tukajifunga kamba ambayo baadaye nitaieleza.

Daftari letu la kwanza lilikuwa faili ya pamoja mtandaoni, kurasa 40 na ushei. Kila mhusika alikuwa na ukurasa wake: urefu, rangi aipendayo, chakula akipendacho, kama anaogopa paka. Tuliliandika kwa wiki mbili kwa furaha kubwa, na hakuna aliyelifungua tena. Ndiyo yale ya mtu kununua kabati kubwa kisha nguo zinabaki kitini.

Dawa tuliipata dukani. Mwenye duka la mtaa hana daftari la mali. Sukari iko rafuni, mchele uko kwenye gunia, akitaka kujua amebakiwa na nini ataangaza macho tu. Anachoandika ni madeni, kwa sababu deni halionekani rafuni. Nasi vivyo hivyo. Yaliyomo katika hadithi yamo, atakaye atarudi asome. La kuandikwa ni sentensi inayomdai mtu mwingine.

Ukiandika "Mzee Kombo alikohoa," humdai mtu kitu. Ukiandika "Mzee Kombo hajapanda feri tangu mwaka 1994," umewakopesha wenzako watano deni zito. Hakuna awezaye kumpeleka Ukunda kwa urahisi tena. Akialikwa harusi Likoni, itabidi akatae au azunguke, na kukataa kwake kutahitaji sababu. Na sababu yenyewe kila mtu wa Mombasa wa rika lile anaijua bila kutajiwa: Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka na watu zaidi ya 270 wakafa. Hapa tuna sharti moja lisilojadiliwa. Msiba wa kweli wa mji hauongezwi chumvi wala haubadilishwi saa. Mhusika wa kubuni anaweza kuuogopa. Hawezi kuupanga upya.

Basi mstari mmoja katika daftari letu la sasa unasomeka hivi: "Salim. Ami yake Rukia, ndugu wa babake, baba mmoja mama mmoja. Sehemu ya 4, aya ya 7. Kasema msimulizi. Msumari." Ni huo tu. Mistari kama 200 kwa hadithi nzima, unaweza kuipitia kabla ya chai kupoa.

Vipengele viwili vya mwisho ndivyo vyenye kazi. "Kasema msimulizi" ni kwa sababu msimulizi na mhusika hawana uzito mmoja. Bi Zuwena, jirani yetu mchonganishi, katika sehemu ya 5 anamwambia muuza samaki kwamba nyumba ya Salim ni ya wizi wa mirathi. Mwenzetu mmoja aliichukua kama kweli na kujenga juu yake kesi nzima mahakamani. Lakini ni nani aliyesema? Bi Zuwena. Kapokea kwa nani? Haikutajwa. Sisi tuliosoma chuoni tukiwa wadogo hatukuhitaji kufundishwa na mzungu umuhimu wa kuuliza maneno yamepokewa kwa nani. Wanavyuoni wa hadithi za Mtume waliijengea elimu nzima karne nyingi zilizopita, na mapokezi wakayapanga kwa daraja, sahihi mpaka dhaifu. Mmoja wetu alitaka tuyatumie maneno hayo hayo katika daftari. Mwingine, mtu mzima kidogo, akasema si adabu kuyashusha kwenye mambo ya kubuni, na tukamsikiliza.

Ndiyo tukapata msumari, chaki na tetesi. Msumari ni kilichosemwa na msimulizi katika sehemu iliyokwisha kutoka na kusomwa. Hakiondoki bila kuacha tundu. Chaki ni tulichokubaliana lakini hakijasomwa na mtu wa nje: harusi ya sehemu ya 12 ilikuwa chaki. Mwandishi anaweza kuifuta, mradi awaambie wenzake kabla hajaifuta, si baada. Tetesi ni neno la mhusika, na tetesi ni mali nzuri sana, kwa sababu waweza kuitimiza au kuikanusha, nawe utakuwa mkweli kwa njia zote mbili. Vikundi vingi ninavyoviona vikigombana hugombana kwa sababu mmoja anashika chaki akidhani ni msumari. Kaipenda sana fikra yake kiasi kwamba anaona imeshatokea.

Kuna safu nyingine ndogo, ya nani anajua nini. Barua iliyofichwa chini ya mkeka katika sehemu ya 6 inajulikana na watu wawili. Rukia, asiye mmoja wao, akiitaja katika sehemu ya 8, umempa siri bila mtu kumwambia. Safu hiyo sisi huijaza kwa siri tu, si kwa kila kitu, la sivyo tungerudi kwenye kurasa 40.

Sasa ile kamba niliyosema. Kujenga ulimwengu mzima wa kubuni, wenye miezi mitatu angani, kuna uhuru wake: bahari ni yako. Kuuweka mtaa wako Mombasa ni kukubali kwamba bahari ina mwenyewe. Mji una tarehe. Mhusika wa mwaka 1950 hawezi kutembea Digo Road, kwani enzi hizo iliitwa Salim Road. Hawezi kwenda Nairobi kwa treni ya SGR kabla ya mwisho wa Mei 2017. Kijana wetu mmoja wa mwaka 2016 aliwahi kuvuka kwa miguu daraja la Liwatoni, ambalo lilianza kutumika mwanzoni mwa 2021. Haya ni mepesi, yanatafutwa na kupatikana. Yaliyotutesa ni ya saa na siku.

Mfano ni huu. Katika sehemu ya 7 mali iliibwa "usiku wa Ijumaa". Mtuhumiwa alikuwa zamu bandarini Alhamisi usiku, watu 20 wamemwona. Je, ni mwizi au si mwizi? Aliyeandika ule wizi ni mtoto wa mjini wa leo: usiku wa Ijumaa kwake ni Ijumaa ikishatua jua. Aliyeandika utetezi kalelewa na bibi yake, na kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza magharibi, kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, wanaposomwa maulidi na Yasin. Kwa hesabu ya kwanza yule kijana hana pa kujificha. Kwa ya pili ni msafi. Waandishi wote wawili walikuwa sawa, na wote wawili walikuwa na daftari mbele yao, limeandikwa "usiku wa Ijumaa". Tangu hapo daftari huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa" au "Ijumaa usiku baada ya isha", na wahusika wenyewe tunawaacha waseme kama walivyolelewa. Mwishowe tuliona ule mkanganyiko ni mtamu mno kuutupa, na mbele ya hakimu wa kutoka bara, mashahidi wawili wakalitumia neno lile lile kwa maana mbili. Ile ndiyo sura niipendayo kuliko zote, na haikutungwa, iliangukia.

Habari ya saa za simu nitaipitia mbio: simu inaandika 7:00, mtu anaandika saa saba, na foleni ya feri ya asubuhi inahamia mchana. Kila aliyeandika Kiswahili akitazama ratiba ya simu amewahi kulifanya.

Mwezi ndio wenye mengi. Tulianza kwa kuandika tarehe za kawaida tu, Machi hii, Aprili ile. Kisha Ramadhani ikatupiga chenga, kwa kuwa kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Mwandishi mmoja alikumbuka Ramadhani ya utotoni mwake ikiwa Disemba, likizo ya shule, akaiandika hivyo katika hadithi ya mwaka 2024, wakati mwaka huo ilianza Machi. Karani wetu, mtunza daftari, akaongeza safu: tarehe ya mwezi mwandamo. Tulidhani ni ya sikukuu tu. Ikawa ni ya maji pia.

Anayekaa pwani anajua, ila hakai kulifikiria: bahari inafuata mwezi huo huo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo kuna bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Na kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50. Kwa hivyo ukijua leo ni mwezi ngapi, unajua bahari imekaaje. Nami nilikuwa nimeandika asubuhi ya Idi, watu wametoka kuswali, watoto wanaelekea Makadara kwenye pembea, na mashua ya Chande inaelea inagongagonga ngazi ya mwisho ya Kisima Chumvi kwenye mida ya saa nne na nusu. Idi ya kufungua Ramadhani ni mwezi mosi. Mwezi mosi ni bamvua. Na Mombasa siku za bamvua maji hukupwa kwenye saa nne, saa tano za asubuhi, hujaa jioni kwenye saa kumi hivi. Mashua ile haikuwa ikielea. Ilikuwa imelala ubavu mchangani, na Chande, kama ni mvuvi kweli, alikuwa akiipaka sifa, yale mafuta ya papa, mbaoni kwa kuwa ndiyo saa yake. Nilibadilisha sentensi mbili na pakawa pahali pa kweli zaidi kuliko nilivyopabuni. Safu moja ya daftari, na tumepata sikukuu, bahari na giza la usiku kwa pamoja.

Pepo hazihitaji safu. Kaskazi na kusi kila mmoja wetu anazijua, ila yule wa bara ilibidi aambiwe kwamba jahazi haliji kutoka Uarabuni mwezi wa Julai.

Usemi nao ni deni. Bibi yake Rukia ni Mmvita wa zamani, anasema "ndoo hapa" na "ndia hii", hasemi njoo wala njia. Ukimwandikia "njoo" katika sehemu moja, umemhamisha. Daftari lina mistari sita tu ya usemi wake, inatosha kumwongoza mwandishi aliyekulia Kiswahili cha shule. (Msomaji mmoja wa Nairobi alituandikia kuuliza kwa nini yule bibi anaitisha ndoo kila mara na kisima kimezibwa.)

Na kisima hicho ndicho kinachoniingiza kwenye kutengeneza lililovunjika. Katika sehemu ya 3 kisima kilichoupa mtaa jina kilifunikwa zege baada ya mtoto kutumbukia. Katika sehemu ya 11, alfajiri, Chande anateka maji. Wote sita tuliisoma kabla haijatoka na hakuna aliyeona. Kosa ambalo bado halijasomwa na mtu husahihishwa kimya kimya, hakuna dhambi. Likishasomwa na likawa dogo, kama jina la mbuzi, sahihisha na useme kwamba umesahihisha. Lakini hili lilikuwa jina la mtaa wenyewe, na wasomaji walishauliza. Mmoja aliuliza vizuri kuliko wote: nani amelivunja lile zege? Hatukuwa na jibu. Tulikaa jioni mbili tukilitafuta, likatuzalia sehemu ya 14 nzima, ya mtu aliyelivunja usiku kwa nyundo iliyofungwa magunia ili isisikike.

Ila sipendekezi kuifanya desturi. Kila ukielezea kosa kwa tukio jipya, unaongeza madeni mengine matano. Ukifanya mara tatu mfululizo hadithi inakuwa kanzu yenye viraka vingi kuliko kitambaa. Na kuna makosa ambayo hayastahili heshima hiyo. Mimi nilijaribu kumwokoa Salim kwa ujanja: nikasema, si watu hapa Mombasa humwita yeyote mjomba, hata makanga wa matatu? Basi liwe jina lake la mtaani. Karani akafungua daftari. Angesema mtoto wa mtaani, ingepita kama tetesi, akanijibu. Lakini katika sehemu ya 9 aliyesema ni msimulizi, na msimulizi wetu tulishakubaliana hasemi uongo. Nikayafuta yale maneno matatu na kuomba radhi mwanzoni mwa sehemu iliyofuata.

Huyo karani, nimweleze kidogo. Kila kikundi kinahitaji mmoja, na wasiwe wawili. Wetu kazi yake ya mchana ni hesabu, na haandiki hadithi kabisa. Kwangu mimi ndiyo sifa yake kubwa, kwa sababu hana mhusika wa kumpendelea. Hatoi hukumu. Yeye husema palipoandikwa, nasi tukabishana wenyewe. Tulipojaribu kulizungusha daftari kwa zamu, kila mtu alikuwa mkarimu kwa sura zake mwenyewe.

Wenye mali nyingi wamelijaribu hili kwa ukubwa usiofikirika. Hadithi za Star Wars zilipokuwa zimeshapita filamu na kumwagika katika riwaya, katuni na michezo, mwaka 2000 kampuni ya Lucasfilm ilimpa Leland Chee kazi ya kutunza hifadhidata ya kila kilichosemwa, na kila kitu kikapewa herufi ya daraja: kilichotoka katika filamu za George Lucas juu kabisa, vingine chini yake. Lilikuwa jambo la busara, na bado uzito ukawashinda. Mwaka 2012 kampuni ikanunuliwa na Disney, na Aprili 2014 ikatangazwa kwamba riwaya na vitabu vya katuni vya miaka yote ile sasa ni ngano tu, hazifungi mkono wa mtu. Msumari uligeuzwa chaki kwa tangazo moja. Waliozisoma kwa miaka 20 walilia, na ninawaelewa, lakini pia ninamwelewa mwandishi mpya aliyekuwa akitakiwa kulipa madeni ya mamia ya watu asiowajua.

Upande wa pili kabisa wako watu wa SCP Foundation, mtandao wa visa vya kutisha, walioanza na kisa kimoja kisicho na jina la mwandishi mwaka 2007 na sasa ni maelfu ya visa vilivyoandikwa na watu wa kila nchi. Wao wamesema wazi kwamba hakuna toleo moja la kweli; kila mwandishi achague visa vipi anavihesabu. Kwa watu wasiojuana na wanaotisha kwa vipandevipande, ni uamuzi safi. Kwa hadithi kama yetu, ambayo msomaji anangoja kujua nani atamwozesha Rukia, ingekuwa ni kumdhulumu.

Ninapowaza ni kiasi gani cha daftari kinatosha, humrudia Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa hii hii aliyefariki 1840. Beti zake nyingi ni za kujibizana na za vita vya maneno kati ya Mvita na wapinzani wake, na waliokuwa barazani walijua kila fumbo linamlenga nani. Hakukuwa na haja ya kuandika. Nusu karne baadaye William Taylor, mmishonari Mwingereza, alipozikusanya, ilibidi amtegemee Mwalimu Sikujua, mtu wa hapa, ambaye bado alikumbuka shairi lipi lilijibu nini. Bila ya Mwalimu Sikujua beti zingefika, kisa kisingefika. Mwaka jana mwandishi mmoja wetu alihamia Qatar kikazi na tukamchukua mwingine badala yake. Alipewa sehemu zote azisome na daftari alishike. Alituambia sehemu zilimpa wahusika, lakini daftari ndilo lililomwonyesha mahali ambapo bado pana nafasi.

Harusi ya Rukia ilitoka wiki mbili zilizopita, Salim akiwa ami, mkono wa bwana harusi mkononi mwake. Asubuhi yake nikapata sauti ya WhatsApp kutoka Kibokoni, sekunde 9.

"Mwanangu, nimeipenda. Nimelia kidogo. Lakini bwana harusi akishuka kwenda baharini nimemhesabia, kashuka ngazi 15."

Nikafungua daftari. Ngazi za bahari: 14. Sehemu ya 1, aya ya 3. Kasema msimulizi. Msumari. Nikampigia karani.